Mtutu umekataa plagi: kusoma kasoro za mitutu ya bunduki kwenye meza ya mkaguzi

Mkaguzi wa mitutu katika kiwanda cha silaha cha Springfield, Massachusetts, miaka ya 1850, hakuwa na eksirei wala kamera ya kupenyeza tunduni. Alikuwa na plagi mbili za chuma, yaani vipande vya duara vya kuingiza tunduni kupima upana wake, dirisha lenye mwanga mzuri, kalipa ya kupimia unene, kipande cha risasi laini (madini, si ya kufyatua) na vidole vyake. Kwa vitu hivyo alitakiwa aseme kama mtutu ni mbovu, halafu aseme pia umeharibikia kwa nani: kwa mfuaji aliyeuunga, kwa aliyeutoboa, kwa mkerezaji, kwa mnyooshaji, au kwa aliyekata mifuo, ile mikato ya kuzunguka ndani ya tundu inayoizungusha risasi. Hapo pa pili ndipo penye kazi. Plagi hukuonyesha mahali palipoharibika, sababu haikwambii, na dalili moja inaweza kuwa na baba watatu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, zinavyojitokeza mtu anapoanza kupima. Mifano mingi ni ya bunduki mbili za kushindiliwa mdomoni, jamaa za gobore tunazozijua kwa masimulizi ya babu zetu, ila hizi zina mifuo ndani: Springfield ya 1855 pamoja na ndugu yake wa 1861, tundu la inchi 0.58 na mtutu wa inchi 40, na Enfield ya Kiingereza ya 1853, tundu la inchi 0.577 na mtutu wa inchi 39. Zote zina mifuo mitatu. Mimi ni fundi wa kerezo. Bunduki sijawahi kutengeneza na sina hamu hiyo. Kilichonivuta ni upimaji.

Na kama unasoma haya kwa sababu umekabidhiwa mtutu wa kale kwenye stoo ya makumbusho, hesabu kwamba bado umeshindiliwa baruti na risasi. Penyeza fimbo ya mbao mpaka ikome, weka alama ya kidole kwenye mdomo, kisha ilaze fimbo hiyo juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha yake haifiki nyuma kabisa, kuna kitu ndani. Usiendelee; mpe anayejua kukiondoa.

Plagi inapita asubuhi, jioni inagoma

Kabla ya kuushuku mtutu, shuku uchafu. Joseph Whitworth wa Manchester, yule aliyeingia katika mambo ya bunduki baada ya kujijengea jina kwa mashine za kerezo na vipimo, alikuwa na onyesho moja ambalo kila anayeshika geji, yaani kifaa cha kupimia, angefaa alifanye kwa mikono yake. Alikuwa na ringi yenye tundu la inchi 0.5770 na plagi mbili, moja ya 0.5770 na nyingine ya 0.5769. Tofauti yake ni sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Zikiwa safi na kavu, ile kubwa inabana ndani ya ringi, na ile ndogo inachezacheza kana kwamba haikutengenezewa ringi hiyo. Sasa tia tone la mafuta laini. Kubwa inalainika na kuteleza, ndogo inaanza kubana. Tone lile lile moja limezifanya plagi mbili zibadilishane tabia.

Kwa hiyo mtutu uliofutwa kwa kitambaa chenye mafuta na mtutu uliofutwa kwa kitambaa kikavu haupimwi kwa plagi moja ukategemea jibu moja. Chagua hali moja, kavu au yenye mafuta, uishike siku nzima. Na chembe za chuma zilizobaki baada ya kutoboa hujificha kwenye kona. Pitisha kitambaa mara mbili, ukitazame kinavyotoka.

La pili ni joto. Mtutu uliotoka kwenye mashine ukiwa na nyuzi 40 za Selsiasi zaidi ya plagi, tundu lake la inchi 0.58 limepanuka karibu inchi 0.0003. Utasema ni kidogo. Ni mara tatu ya ile tofauti ya Whitworth ambayo kidole kiliisikia bila shida. Plagi inayobana itapita mtutu ukiwa wa moto, halafu mtutu ukipoa itagoma, na mtoboaji ataapa kwamba alipima. Hasemi uongo. Urefu nao hubadilika: mtutu wa inchi 40 kwa joto hilo hilo huongezeka karibu inchi 0.02. Acha mitutu na geji zilale chumba kimoja mpaka zilingane.

Benchi linasema ndiyo, mkaguzi anasema hapana

Mtutu umepita kwa mtoboaji, umefika kwa mkaguzi umekataliwa, na wote wawili wametumia plagi yenye namba moja. Ugomvi huu ni wa kale, na dawa yake pia. John Hall, aliyekuwa akitengeneza bunduki zake Harpers Ferry, Virginia, kuanzia miaka ya 1820, alikuwa na seti tatu za geji: ya mafundi, ya wakaguzi, na seti kuu isiyotoka ila kwa ajili ya kuzipima zile mbili. Geji hulika kama kisu kinavyolika. Ya fundi inaingia na kutoka kutwa nzima, ya mkaguzi kidogo, ile kuu karibu haiguswi.

Hapa inabidi ufikiri polepole, maana kulika kwa plagi kuna pande mbili. Mkaguzi ana plagi ndogo, ambayo lazima ipite tundu lote, na plagi kubwa, ambayo lazima ikatae kuingia. Plagi ndogo ikilika inazidi kuwa ndogo, kwa hiyo inapita hata kwenye tundu jembamba kuliko inavyotakiwa. Mitutu mibovu inakubaliwa benchi na kukataliwa mbele. Plagi kubwa ikilika inaanza kuingia kwenye matundu yaliyo sawa; mitutu mizuri inatupwa. Ukiona malalamiko yote yako upande mmoja, kwa mfano kila kinachokataliwa ni kwa wembamba, anza na plagi ndogo ya benchi kabla hujamwita mtoboaji.

Yamenikuta. Karakana moja niliyowahi kufanya kazi, tulirudishiwa bushi kumi na mbili kwa kuwa shafti haziingii. Siku mbili tulilaumu chuma, tukalaumu kisu, tukamlaumu kijana wa zamu ya usiku. Siku ya tatu mzee mmoja akaichukua plagi yetu, akaizungusha kwenye mwanga, akaonyesha ukucha wake: ncha ilikuwa inang'aa na imeliwa, nyuma bado ina rangi ya kiwandani. Tulikuwa tumepima kwa ncha tu mwaka mzima.

Plagi inakwama njiani, au inalegea njiani

Usiseme "inakwama" ukaishia hapo. Pima kwa fimbo imekwama inchi ngapi kutoka mdomoni, kisha geuza mtutu uingize kutoka upande wa pili. Ikikwama mahali pale pale kutoka pande zote mbili, pana sehemu nyembamba. Kama kutoka upande mmoja inapita na upande wa pili inakwama, mara nyingi ni chembe au ukwaruzo wenye mdomo, kama magamba ya samaki: ukipapasa kuelekea mkiani unateleza, ukirudi unachoma.

Sababu za wembamba wa mahali pamoja ni chache. Keekee butu iliyosukuma chuma badala ya kukikata. Kutoboa kulikosimamishwa katikati na kuanzwa tena. Au nyundo ya mnyooshaji: pigo zito mahali pamoja huminya tundu kidogo, na hii mtu huisahau kwa sababu mtoboaji alishapimwa akapita. Ndiyo maana plagi irudi tena baada ya kila kunyoosha.

Kulegea ni hatari zaidi kuliko kukwama, na plagi ni shahidi dhaifu wa kulegea. Ikishapita sehemu nyembamba ya mdomoni haikwambii kama mbele yake pana pango. Kinachosema ni kidonge cha risasi, yaani yale madini laini yenyewe. Kipake mafuta, kigonge kiingie mdomoni mpaka kijaze tundu, kisha kisukume polepole kwa fimbo. Mkono utasikia kila kitu: hapa kinabana, hapa kinaachia ghafla, hapa kinabana tena. Sehemu inayoachia ghafla kisha ikabana ni uvimbe. Tazama tundu dhidi ya dirisha na utaona duara jeusi, kama pete imevalishwa ndani.

Uvimbe wa pete kwenye mtutu ambao haujawahi kufyatuliwa ni kosa la keekee. Kwenye mtutu uliotoka jaribio la baruti, uliza kwanza kama risasi ilishindiliwa mpaka chini. Ikibaki nafasi kati ya baruti na risasi, mtutu huvimba pale risasi ilipokuwa imekaa, na hapo kosa ni la mshindiliaji. Chuma hakina hatia.

Kivuli kinapiga kiwiko

Sasa tumefika kwenye kipande ninachokipenda.

Zamani unyoofu wa tundu ulipimwa kwa uzi mwembamba wa hariri, au waya, uliokazwa kwa upinde na kupitishwa ndani. Unaulaza uzi ugusane na ukuta wa tundu na unatazama panapobaki mwanga chini yake. Njia inafanya kazi lakini ni ya polepole, na chembe moja ya uchafu inaidanganya. Baadaye ikaja njia ya kivuli, iliyotumika Springfield na viwandani Uingereza, na haihitaji chombo chochote isipokuwa dirisha lenye mstari mweusi uliolala na jicho lililofunzwa.

Shika mtutu kama darubini, tundu likiwa limesafishwa mpaka linang'aa kama kioo. Uelekeze kwenye ule mstari. Ukuta wa ndani unaurudisha mstari kama kioo kilichoviringishwa, na utaona kingo mbili za kivuli zinazokimbia kutoka mdomo wa mbali kuja kwako zikikaribiana au kuachana kwa utaratibu. Tundu likiwa limenyooka, kingo hizo ni kama kamba iliyovutwa. Likiwa limepinda, ukingo unapiga kiwiko pale pale penye pindo. Zungusha mtutu taratibu na kiwiko kinabadilika: upande mmoja kinaonekana sana, ukizungusha robo kinajificha, ukizungusha robo nyingine kinatokea kimegeukia upande wa pili. Hapo kinapoonekana zaidi ndipo unapojua pindo limeelekea wapi. Mnyooshaji anaulaza mtutu kwenye fuawe, anapiga, anautazama tena. Anapiga, anautazama.

Makosa matatu ya anayeanza. La kwanza, anatazama mtutu wote kutoka upande mmoja. Jicho linahukumu vizuri takriban nusu tu, kwa hiyo geuza na utazame kutoka upande wa pili kabla hujatoa neno. La pili, anaona kivuli kinatetemeka kila mahali kwa mikunjo midogo midogo na anaita kupinda. Hiyo siyo kupinda. Ni alama za keekee zilizobaki ukutani, na nyundo haitaziondoa, itaongeza tu. Urudishe kwa mtoboaji ukasafishwe. La tatu, ananyoosha nje. Mtutu unaweza kuonekana mnyoofu kama mshale kwa nje na tundu lake likawa nyoka. Risasi hupita ndani.

Mtutu ulionyooshwa na kukubalika, kisha ukarudi umepinda, usimlaumu mnyooshaji haraka. Kukereza nje kunaondoa ngozi ya chuma iliyokuwa imekaza upande mmoja, na kusaga kunatia joto. Ndiyo sababu ya kunyoosha tena na tena kati ya hatua moja na nyingine, na ndiyo sababu wanyooshaji wazuri walikuwa wachache. Jicho hilo halirithiwi kwa maelezo.

Tundu limenyooka, ukuta umekwenda upande

Kivuli kikisema sawa na plagi zote mbili zikisema sawa, bado mtutu unaweza kuwa na ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Hili plagi hailijui kabisa. Linapimwa kwa kalipa yenye mkono mrefu unaoingia ndani, au kwa kuushika mtutu kwa tundu lake, kuuzungusha, na kutazama kama uso wa nje unayumba.

Baba zake ni wawili. Ama keekee ilikimbilia upande ilipokuwa ikitoboa, ama mkerezaji aliufunga mtutu bila kuufuatisha tundu. Tofautisha hivi: pima ukuta mdomoni, katikati na nyuma, kila mahali kwa pande nne. Upande mnene ukibaki ule ule toka mdomoni hadi nyuma, mtutu ulifungwa vibaya kwenye kerezo. Ukihama, mdomoni uko kushoto na katikati uko juu, keekee ilitangatanga na baadaye mnyooshaji akalinyoosha tundu lakini unene hakuweza kuugawa upya. Mtutu wa namna hii hupiga vizuri ukiwa baridi, kisha ukipata moto unaanza kuhama lengo, kwa sababu pande zake hazipanuki sawa.

Mifuo haisomeki

Waingereza walipenda idadi witiri: Enfield ya 1853 mifuo 3, Martini-Henry ya 1871 mifuo 7, Lee-Enfield ya 1895 mifuo 5. Kwa mpimaji witiri ni usumbufu, maana mkabala wa kila mfuo hakuna mfuo, kuna mgongo. Ukisukuma kidonge cha risasi na kukipima kwa maikromita, huku unashika alama ya mfuo na kule unashika alama ya mgongo. Watu wengi huandika namba hiyo kama kipenyo cha mifuo, kisha wanashangaa kwa nini mifuo yote ina kina kidogo.

Suluhisho ni la darasa la saba. Tuseme plagi imekwambia tundu ni 0.577, na maikromita juu ya kidonge inasoma 0.587. Nusu ya 0.577 ni 0.2885. Toa kwenye 0.587, unabaki na 0.2985, ambayo ni kutoka katikati hadi chini ya mfuo. Tofauti ya hizo mbili ni 0.010, ndio kina cha mfuo. Pima mifuo yote mitatu mmoja mmoja. Mmoja ukiwa na kina pungufu, kisu kilikuwa kimechakaa au kilirudi nyuma wakati wa kukata. Yote mitatu ikipungua sawasawa, aliyeseti mashine ndiye wa kuulizwa.

Lakini kuna mtego. Kwenye Springfield ya 1855 na ya 1861 kina hakilingani kwa makusudi: nyuma mifuo ina inchi 0.015, mdomoni 0.005, na katikati inapungua taratibu. Asiyejua atapima nyuma, atapima mdomoni, ataandika "mifuo imelika" au "kisu kilipanda" na kuukataa mtutu usio na kosa. Kasoro kwenye mtutu huo ingekuwa kinyume chake: kina kubaki kile kile toka nyuma hadi mbele. Soma mchoro kwanza.

Ufa umeonekana baada ya baruti

Mitutu hii haikutobolewa kwenye nondo nzima ya feleji. Ilianza kama bapa la chuma cha kufuliwa, likakunjwa, likatiwa moto, na kingo zake zikaungwa kwa nyundo za mashine zilizoendeshwa na maji ya Mill River, nondo ikiwa imepenyezwa katikati ili tundu lisizibe. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Springfield wakaanza kuviringisha kwa roli badala ya kugonga, na mitutu iliyopasuka ikapungua. Ila kwa njia zote mbili kulikuwa na mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, na mavi ya chuma, yaani takataka zinazotoka chuma kikitiwa moto, yakibanwa ndani ya mshono huo hakuna plagi itakayoyaona.

Kwa hiyo mtutu ulishindiliwa baruti nyingi kuliko ya kawaida (ya kawaida ilikuwa greni 60 tu, yaani gramu 4 hivi, kwa risasi ya greni 500 hivi), ukapangwa na wenzake kwenye kitanda cha chumba maalumu, watu wakatoka, moto ukawashwa kwa mstari wa baruti. Kisha mara ya pili. Uliopasuka ulijitangaza wenyewe. Uliobaki mzima ndio wa kuangaliwa kwa makini, na hapa kulikuwa na ujanja mzuri: usiusafishe. Masizi ya baruti yana chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Kwenye nyumba ya majaribio ya Birmingham mitutu iliachwa na uchafu wake hadi siku iliyofuata au zaidi, na ufa uliokuwa mwembamba kuliko unywele ukajichora kwa kutu.

Mstari wa kutu uliofuata urefu wa mtutu, tena umenyooka, ni mshono. Nukta nukta za kutu zilizotawanyika ni mavi ya chuma. Mstari unaokata mtutu kwa upana si kazi ya mshono. Tafuta bapa lenyewe. Na kwa ule uliopasuka kabisa, okota vipande viwili utazame midomo yake. Ikiwa laini, myeusi, kama karatasi mbili zilizobanduliwa, kingo hazikuwahi kushikana. Ikiwa imechanika kwa nyuzi nyuzi zinazong'aa, kama muwa uliovunjwa gotini, basi kuunga kulikuwa kuzuri na chuma ndicho kilichoshindwa.

Tofauti hiyo Springfield haikuwa ya kitaaluma tu. Mfuaji alipiga alama yake kwenye kila mtutu aliouunga. Chuma kikiwa ndicho kibaya, hasara ilikuwa ya kiwanda. Mshono ukiwa ndio ulioachia, mkaguzi alitafuta ile alama, na hasara ikakatwa kwenye malipo ya mwenye alama. Mitutu iliyopita ilipigwa V kwa kutazamwa, P kwa kujaribiwa, na kichwa cha tai, pale karibu na nyuma ambapo bado unaweza kuzisoma kama kutu haijazila.